Doto, nitumie nyasi za pwani

Doto wangu,

Mwangaluka! Miezi minne kimya, nisamehe. Mama mguu umepoa, na Kulwa nilimkuta juzi mwaloni Kirumba akipakia dagaa, anakusalimu. Nina shida ya nyasi.

Kijana wangu wa kidato cha tatu aliuliza mbona furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wekundu na wa buluu wanakaa mwamba mmoja pale kisiwa cha Makobe wasichanganyike kwa kuzaana. Nikamwambia jike huchagua dume kwa rangi, na yule mwekundu, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, hukaa kina kirefu zaidi. Akaniuliza, "Na nyasi, mwalimu, zisizo na macho?" Usiku ule sikulala.

Nikakumbuka nyasi za chumvi za pwani ya Marekani, Spartina, aina mbili. Alterniflora huota chini, maji yanapofika kila yakijaa; patens huota juu. Nilidhani kila moja imependa pake. Kumbe ukiing'oa patens, ile ya chini hupanda na kustawi huko juu! Imesukumwa tu, ikahamia kwenye tope lisilo na hewa kwa sababu ina njia za kushusha hewa hadi mizizini. Mwenzake hawezi.

Ila la Southampton, Uingereza, ndilo linaloniuma. Meli ziliileta alterniflora ikamkuta ndugu yake maritima. Awali bahari ndiyo ilikuwa ukuta wa kuwatenganisha. Mwaka 1870 ikaonekana chotara, tasa. Baadaye kromosomu zake, zile nyuzi za urithi, zikajirudufu, ikatokea anglica, inayozaa mbegu, ikatambaa pwani kwa pwani.

Na furu wetu je? Ndani ya Ghuba ya Mwanza, kwenye maji ya tope, wekundu na wa buluu wanachanganyika, maana jike haoni rangi vizuri. Mvua ikinyesha nikauona Mto Mirongo ulivyobeba udongo kwenda ziwani, moyo unanikaa vibaya, Doto. Ukuta wenyewe ni mwanga tu!

Sasa, huko Tanga mchangani inaota Sporobolus virginicus. Wataalamu siku hizi wameziingiza Spartina kwenye jenasi, yaani ukoo mdogo, hiyohiyo. Nikaushie mashina machache ndani ya gazeti, yenye maua. Lamba jani kwanza: lina chumvi juu? Inaota nini upande wa juu yake, na nini upande wa chini kuelekea mikoko? Zinachanua mwezi mmoja? Na ile kesi ya mtumbwi imeishaje? Unakuja lini? Kijana ananisubiri Jumatatu ya wiki ijayo, kwa hiyo kifurushi cha nyasi mpe kondakta wa basi la usiku.

Wako,
Nyamizi