Shukrani kwa mzee wa Rabai

Mzee wangu, wewe uliyetukuta nje ya kanisa la Rabai, karibu na Mombasa, tukiwa tunaondoka, ahsante sana. Hukutuachia jina, ndiyo maana nakushukuru hadharani.

Wamisionari Krapf na Rebmann, waliofungua misheni hapo mwaka 1846, tuliwajua tangu shuleni. Wewe ulitupa habari za Mchungaji William Jones, Myao aliyetekwa utotoni, akakombolewa na kusomeshwa Nasik, India, kisha akaja kuhudumu Rabai. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia hapo, wakajenga na kulima. Mabwana zao walipowadai mwaka 1888, Mackenzie wa Imperial British East Africa, kampuni ya Waingereza, alikubali kulipa fidia, na Januari 1, 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Kwangu mimi, hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia ya parishi ile, kuliko hata safari za Rebmann za Kilimanjaro.

Ulisimama juani ukawajibu wanangu kila swali, ukakataa hata nauli. Mungu akuzidishie afya, mzee. Watoto wanataka turudi likizo ya Agosti. Tutakutafuta kwenye ibada ya Jumapili.