Jina la kipaka chako

Wete, Pemba

Shoga yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Barua yako imefika. Huku hatujambo sote, alhamdulillahi, ila mvua ya masika haitupi nafasi hata ya kuanika nguo.

Umeniuliza jina la kipaka, na umenigusa penyewe, maana majina ya kizamani nayapenda mno. Hilo Mabel uliloliona ni zuri kweli. Waingereza walilipenda sana mwishoni mwa karne ya 19, likazeeka na bibi zao, na sasa wamelirudia, kwa watoto na kwa paka. Asili yake Kilatini, mwenye kupendeka. Naelewa kwa nini limekuvutia: ukimwita hivyo kipaka anayeenea kiganjani, unamuona tayari ni mtu na ukoo wake.

Lakini shoga, utamu huo tunao wenyewe. Muite Chausiku.

Umesema ni mweusi, na amekuja mwenyewe uani usiku, kalowa chepechepe. Wazee wetu waliwaita watoto kwa kufuata wakati waliokuja nao: Chausiku aliyezaliwa usiku, Mwanakhamis wa Alhamisi, Mwanajuma wa Ijumaa, Masika wa mvua kubwa, Mwaka aliyezaliwa siku za Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya. Ukilisikia jina tu, habari ya kuzaliwa kwake umeshaipata. Siku hizi nikipita chuo cha Kurani watoto wakiitwa, majina haya siyasikii kabisa. Yamebaki kwa bibi zetu, nao wanatutoka mmoja mmoja. Inaniuma. Nataka Chausiku litajwe kwa sauti hapo kwenu kila magharibi, hata kama anayeitika ana mkia.

Mama yako anaona kumpa mnyama jina la mtu ni kukosa adabu. Kwa upande mmoja nakubaliana naye. Siti, kwa mfano, mimi nisingempa. Siti binti Saad wa Fumba, yule mwimbaji wa taarabu, alizaliwa akiitwa Mtumwa. Siti ni jina la heshima alilopewa baadaye, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Jina lililotoka mbali hivyo tusilipeleke jikoni kugombezwa kwa dagaa. Na la mzee aliye hai, wa nyumbani au wa jirani, uliache pia. Lakini paka kwetu si kiumbe wa kudharauliwa. Abu Huraira, sahaba aliyepokea hadithi nyingi kuliko wote, amejulikana mpaka leo kwa lakabu hiyo, yaani baba wa kipaka, kwa ajili ya kipaka chake.

Tena usiogope kwamba ni refu. Watafiti wa Japani walionesha mwaka 2019 kwamba paka wa nyumbani hulitambua jina lake kati ya maneno mengine. Wewe litaje zima kila ukimpa chakula, usilikate likawa Chau, atalizoea. Na mwisho wake unavutika vizuri ukiita kutoka mlangoni: Chausikuuu!

Kwanza muulize mama kama hapo mtaani yupo Bi Chausiku. Akiwepo, basi muite Masika, na mvua hii itakuwa shahidi. Niandikie upesi mlilokubaliana, maana nikija Unguja nataka nimuite kwa jina lake kabla sijavua viatu.

Wasalimie wote, na mama umbusie mkono.

Shoga yako