Barua ya wazi kwa wapwa zangu wa kundi la kusoma: hakuna aliyekuwa pembeni

Wapwa zangu wa hapa Lindi, hamjambo. Naandika hii wazi ili na wazazi wenu waisome, maana siku tisa sasa nimekaa nayo rohoni na usingizi unakatika usiku wa manane.

Mnajua nasemea nini. Yule kijana wa jioni ile kule sokoni. Kabeba kiroba cha korosho ghafi, mtu mmoja akapiga kelele mwizi, na kabla hajaulizwa hata kiroba cha nani watu washajaa. Mi nilifika mwisho mwisho, miguu yangu siku hizi hainipeleki haraka, nikamkuta yuko chini ana kandambili moja, viganja vimebabuka kama vya mtu anayebangua korosho kwa mikono, mafuta ya lile ganda yanavyounguza mnayajua wenyewe, na mama mmoja muuza chapati kamtupia kanga yake kichwani afu kasimama juu yake anawafokea wanaume wazima peke yake. Tukaita bajaji, dereva akakataa, anasema damu itamchafulia siti. Mpaka yule mama alipoichukua tena kanga yake akaitandika kwenye siti ndo akakubali kutupeleka hospitali.

Kama aliiba au hakuiba sijui na wala sitaki mnijibu hilo, kiroba cha korosho hakijawahi kuwa bei ya sikio la mtu, na la kwake la kushoto mpaka leo halisikii.

Lakini kilichoniuma zaidi ni nyie. Usiku ule video ikaingia kwenye grupu letu, grupu lilelile ninalowatumia kurasa za kusoma, chini yake emoji za kucheka, nimezihesabu nne. Watatu wenu mlikuwepo pale. Nilipouliza, mmoja akanijibu kwa adabu zote: "Mjomba, mi nilikuwa pembeni, nilikuwa narekodi tu."

Pembeni! Juzi juzi hapa tumemaliza kile kitabu cha William Golding, Lord of the Flies, chini ya mwembe, pale Kiingereza kinapokaba nawasimulia kwa Kiswahili, na nyie wenyewe mlinyamaza kimya tulipofika kifo cha Simon. Nakumbusha. Watoto wa kiume wa Kiingereza, wamekwama kisiwani bila mtu mzima, wanaogopa dude ambalo hakuna aliyeliona vizuri. Simon peke yake anapanda mlimani anakuta lile dude ni maiti ya mtu aliyeshuka na parachuti, anateremka usiku kuwaambia wenzie msiogope jamani, na anawakuta wanacheza ngoma kwenye duara, wanaimba kuua, mvua na radi, wanamfanya yeye ndo dude na wanamuua kwa mikono na meno. Aliyekuja na habari njema ndo aliyeuawa.

Afu asubuhi yake, hapa ndo nilitaka mkae sana na nyie mkapita mbio. Ralph, yule waliyemchagua kuwa kiongozi, anasema wazi tulichofanya ni kuua. Na Piggy, yule mwenye miwani, mwenye akili kuliko wote pale kisiwani, anaanza kutafuta maneno, mara giza, mara radi, mara bahati mbaya, mwisho anasema wao walikuwa pembeni, hawakufanya kitu wala hawakuona kitu. Wale mapacha nao wanasema walichoka wakaondoka mapema. Na wote walikuwemo kwenye duara! Golding kaandika hayo mwaka 1954, alikuwa mwalimu wa shule ya wavulana na alishapigana vita kuu ya pili kwenye jeshi la majini, kwa hiyo watoto anawajua na vita anavijua. Na neno alilomtilia Piggy mdomoni ndo hilohilo nimelisikia kwa mpwa wangu Lindi. Moyo ulinishuka, nikakaa chini pale barazani bila kuongea.

Mnanielewa? Duara halina pembeni. Anayepiga anamtazama anayetazama. Mkono unaoinua jiwe unapata nguvu kwa zile simu kumi zilizoinuliwa, zingeshushwa zote na jiwe nalo lingeona aibu. Nyie hamkurekodi tukio, mlikuwa sehemu ya ngoma.

Na lile neno mwizi. Ebrahim Hussein, mtu wa kwetu huku kusini, kaandika tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, na ndani yake linarudi wazo kwamba binadamu anazaa neno afu neno linakua linamshinda aliyelizaa. Tulipolisoma mlishangilia maana ni habari ya Majimaji, ya bibi na babu zetu. Sasa yule aliyepiga kelele pale sokoni nimemuona kesho yake, anasema aliona kiroba kinafanana na cha kwake tu. Alishindwa kulirudisha neno lake mdomoni, lilishakuwa kubwa.

Mengine kwa kifupi. Okonkwo wa kitabu cha Chinua Achebe, Things Fall Apart, kijiji kilipoamua kumuua Ikemefuna, kijana aliyekuwa anamlea, mzee Ezeudu alimwambia Okonkwo: mtoto huyo anakuita baba, usiweke mkono wako kwenye kifo chake, lakini Okonkwo akaenda na akamkata yeye mwenyewe kwa kuogopa kuonekana dhaifu, kwa hiyo woga wa kuchekwa na wenzio nao unaua. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, rudieni kuisoma, husuda inaanzia kwa ndugu mliokula sahani moja.

Na asije mtu kuniambia haya ni ya watu wasiostaarabika. Wajerumani waliochoma vijiji na maghala ya nafaka huku kwetu wakati wa Majimaji, 1905 mpaka 1907, walikuja wanajiita wastaarabu, na njaa waliyoiacha ikaua watu wengi kuliko risasi. Hata wale watoto wa Golding, ofisa aliyekuja kuwaokoa anawashangaa kwa uchafu wao na ukatili wao, na yeye kashuka kutoka meli ya vita.

Sisi wakubwa nasi tuna letu. Zamani mtoto akiingia jando anakaa na wazee wiki kadhaa, anafundishwa kumtazama mtu, siku hizi anapelekwa asubuhi jioni kesharudi na hakuna aliyemwambia neno. Shuleni tunawauliza tajeni dhamira tano, mnataja tano, mnapata alama zenu. Mi mwenyewe nimesahihisha mitihani hiyo miaka mingi na sikuwahi kumuuliza mwanafunzi hata mmoja, wewe ungesimama wapi usiku ule. Hilo nalibeba, ni langu.

Nawapenda, na nyie mnajua. Kwetu kusini mjomba hamtupi mpwa wake. Ndo maana sijalifunga grupu wala sijataja jina la mtu.

Jumamosi hatukai chini ya mwembe. Saa tatu asubuhi tukutane stendi, tunakwenda kwao na yule kijana, mama yake kashakubali tuje. Simu ziacheni nyumbani. Wale watatu nataka mkae mbele, upande wa kulia, ndo sikio linalosikia, muongee naye wenyewe, mi sitawasemea. Na kila mmoja aje na chochote alichonacho tumnunulie yule mama wa chapati doti ya kanga, ile yake aliifua mara tatu damu ikakataa kutoka.

Mjomba wenu, Lindi