Kubadili jina la faili si kubadili faili

Juzi dada mmoja alitoka dukani kwetu hapa Area C, Dodoma, akisema tumempiga. Jirani yake tulimwekea kitabu kwenye Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, kwa 2,000; yeye tukamtajia 30,000. "Si kitabu kile na hiki?"

Dada yangu, sivyo. Faili la jirani lilikuwa EPUB, aina ya faili la vitabu. Ndani yake ni maandishi yaliyofungwa pamoja kama faili la zip: ukikuza herufi, mistari inajipanga upya. Kindle haifungui EPUB uliyoiingiza kwa waya, ila tangu 2022 Amazon wanaipokea kwa Send to Kindle, huduma yao ya kutumia vitabu kwenye Kindle kwa mtandao, na kuigeuza wenyewe. Sisi tunaipitisha Calibre, programu ya kugeuza vitabu, itoke AZW3, faili ambalo Kindle inalifungua, tunanyoosha orodha ya sura, kazi imeisha. Calibre ni ya bure. Ukiwa na kompyuta, fanya mwenyewe, hatununi.

La kwako lilikuwa PDF ya kurasa 300 za somo la mifugo, zimepigwa picha kwa simu. Humo hamna neno hata moja, ni picha 300. Ukurasa wa A4 ukiubana kwenye kioo cha inchi 6, herufi zinakuwa sisimizi. Lazima programu isome picha, kisha mtu akae aipitie: "ng'ombe" imetoka "ngombe", namba 1 imekuwa herufi l, namba ya ukurasa imekaa katikati ya sentensi. Shilingi 100 kwa ukurasa, na macho ni yetu.

Wengi wanakuja wameshajaribu njia ya mkato: kufuta ".epub" mwishoni mwa jina la faili na kuandika ".mobi", aina ya zamani ya faili la Kindle. Ni sawa na kubandika lebo ya mafuta ya alizeti kwenye chupa ya maji. Kijana mmoja wa UDOM alifanya hivyo kwa vitabu vyake vyote, vikakataa, akaamini Kindle imekufa. Akampelekea fundi, fundi akaifuta yote, pamoja na mistari aliyokuwa amewekea alama muhula mzima. Alilipa huko, akaja kutulipa na sisi.

Kobo, kifaa kingine cha kusomea vitabu, inafungua EPUB moja kwa moja, lakini vitabu vingi ulivyonunua duka la Kindle havitaingia. Na kama ulicho nacho ni madesa ya kuskani tu, usinunue Kindle wala Kobo. Tafuta tableti ya inchi 10. (Ndiyo, tunauza Kindle na bado tunasema hivyo.)

Leteni faili kwenye flashi kwanza. Kuliangalia ni bure.

Yule dada alirudi Jumatatu. Alichagua kurasa 40 za mtihani, akalipa 4,000.