Barua kwa Mjomba Kuhusu Negativu Nilizozikwaruza

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimesikia kwamba ulipoziona picha zangu, zenye nyuso zilizopasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka, ulisema mbele ya wageni kuwa mtoto ameharibu filamu. Nami nakujibu mbele za watu.

Nyufa zile hazikutokana na uzembe. Niliitoa filamu iliyosafishwa (negativu, ambamo weusi na weupe wa picha hugeuzwa) kwenye maji ya moto nikaitumbukiza ghafla katika maji ya barafu, ili ule utando wa jelatini unaobeba chembe za madini ya fedha zinazofanya picha, ukiwa umevimba, unywee na kujikunja. Nilirudia mara nne, kwa kuwa filamu za siku hizi utando wake hukazwa kiwandani. Nyingine niliidondoshea jiki iliyozimuliwa, picha ikaanza kuteleza juu ya plastiki kama utando wa maziwa, nikaisukuma kwa brashi hadi bega la mtu likawa wingu. (Jiki isikutane na dawa zenye asidi, maana hutoa hewa ya sumu.) Wala sikuanza mimi: msanii Raoul Ubac aliyeyusha negativu zake kwa joto huko Ulaya katika miaka ya 1930.

Lakini kilichonifundisha zaidi ni sindano. Ukikwaruza upande usiong'aa, wenye fedha, mwanga wa mashine ya kukuzia picha hupenya na mstari hutoka mweusi kwenye karatasi. Ukikwaruza upande unaong'aa, mwanga hutawanyika na mstari huelekea kuwa mweupe. Hapo nilikukumbuka studio kwako Jinja, miwani puani, ukitia nukta mojamoja kwa penseli iliyochongwa kama mwiba juu ya negativu ya bibi harusi, risasi ikizuia mwanga kidogo kidogo, hadi kovu jeusi la shavuni likalingana na ngozi. Ile nayo, Mjomba, tuiite kuharibu?

Hofu yako juu ya sanduku la negativu zako naielewa. Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda yalionyesha picha za wapiga picha wa serikali ya Idi Amin, na zilionekana kwa sababu tu negativu zake zilihifadhiwa. Zako sijazigusa. Nailaza negativu juu ya filamu mbichi gizani, naimulika kidogo, napata chanya (picha ambayo weusi na weupe wake haukugeuzwa), narudia kupata negativu mpya, na hiyo ndiyo ninayoitesa.

Jumamosi nitakuja Jinja na mbili kati ya nakala hizo. Ile penseli yako, kama bado ipo, naomba uichonge.

Mpwa wako, Kampala