Helmeti sawa, lakini si hiyo inayotuua

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji aliyeandika hapa juzi akitaka trafiki waanze kushika kila mtu wa baiskeli asiye na helmeti hapa Kisumu, eti sisi ni watu wa kujitakia kifo. Mimi navaa helmeti, na ukiniuliza kama kijana wako avae nitakwambia avae tena afunge kamba vizuri, lakini hiyo maneno ya kushika watu hapana.

Hebu tuangalie helmeti yenyewe. Lile povu gumu la ndani kazi yake ni kubonyea ili kichwa kisibonyee, na wanaipima kwa kuiangusha kutoka kama mita moja na nusu, yaani inafika chini na spidi ya karibu kilomita 20 kwa saa. Hiyo ni ajali ya kuteleza kwa matope Nyalenda, ama kuingia shimo, ama mbuzi wa mtu kukatiza ghafla, na hapo inasaidia kweli. Sasa leta matatu inayokimbia 80 ikitoka Ahero. Spidi ni mara nne lakini nguvu ya kugonga ni mara 16, halafu hiyo nguvu haiji kwa kichwa peke yake, kuna kifua, kuna kiuno, na povu liko juu tu.

Na hizo helmeti zenyewe tunanunua wapi? Jumapili sokoni Kibuye utapata ya mitumba inang'aa mpaka unajiona, igeuze upitishe kidole gumba polepole ndani na utakuta ufa umetoka upande wa sikio ukapanda hadi juu, mwenyewe wa kwanza alishaanguka nayo huko kwao, na povu likishagongwa vizuri mara moja kazi yake imeisha. Ukimwonyesha muuzaji anakwambia "omera, hiyo ni mkwaruzo tu". Basi siku ya msako trafiki atageuza helmeti aangalie povu? Ataona kichwa kimefunikwa aseme pita, na yule wa baiskeli ya kubeba mkaa ambaye hana kitu kichwani ndiye atatafutiwa kosa mpaka atoe kitu kidogo. Si tulishaona hii na mikanda ya matatu tangu zile sheria za 2004 za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, abiria wanafunga wakikaribia kizuizi cha polisi halafu mbele kidogo wanafungua, kana kwamba kinachoua ni polisi.

Hapo ndio naona shida yetu iko. Kitu kigeni kinatutisha, kile cha kila siku tunakizoea. Mzazi wa Dunga atamkataza mtoto asikaribie maji jioni sababu ya kiboko, na ni haki yake kabisa, lakini huyo huyo mtoto atatumwa sukari usiku ng'ambo ya barabara kuu na hakuna mtu moyo unamdunda. Halafu mtu wa baiskeli akigongwa swali la kwanza pale kwa umati ni "alikuwa na helmeti?" Sijawahi sikia mtu akianza na dereva alikuwa anakimbia ngapi, na mjini mwisho ni 50.

Hata madereva wanatupimia macho. Mwaka wa 2006 mtafiti wa Uingereza anaitwa Ian Walker alifunga kifaa cha kupima umbali kwa baiskeli yake na akapata magari yalimpita karibu zaidi akiwa na helmeti kuliko akiwa kichwa wazi. Wasomi wengine walikuja kubishana na hesabu zake, wacha wabishane, lakini mimi barabarani siishangai.

Australia jimbo la Victoria lilifanya helmeti lazima 1990 na majimbo mengine yakafuata. Majeraha ya kichwa yalipungua, ndio, lakini na watu wa baiskeli pia walipungua, hasa vijana wa shule, na mpaka leo wanagombana ni nini hasa kilisaidia. Uholanzi nayo wazee na akina mama wanaendesha vichwa wazi na mtoto ameketi kwa kiti cha mbele, na si kwamba vichwa vyao ni vya mawe, ni kwamba miaka ya 1970 wazazi waliandamana juu ya watoto waliokuwa wanauawa na magari na serikali ikaanza kutengeneza njia za baiskeli peke yake. Sisi kwetu ile sehemu ya pembeni ikiwepo imemegeka, ama mama amepanga nyanya zake, ama boda wamefanya stage.

Kama trafiki wanataka kazi waje ile barabara ya kutoka Ahero kwenda Awasi usiku. Trela ya miwa imeharibika, imeachwa hapo bila taa bila reflekta, wameweka matawi mawili ya majani nyuma basi, na wewe unakuja na baiskeli gari la mbele likikumulika usoni huoni chochote. Waanze na hizo trela. Na sisi wa baiskeli tuweke taa, zile baiskeli nyeusi za wazee zilikuwa na dainamo ya kusugua tairi, siku hizi mtu anafunga redio kwa usukani lakini nyuma hana hata reflekta moja.

Mwendesha baiskeli,
Nyalenda, Kisumu