Watimita za zamani zisiuzwe kama chuma chakavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wakuu wa karakana za umeme viwandani wasiharakishe kuuza watimita za mshale, yaani vipimio vya nguvu ya umeme kwa wati, zile zinazokaa ndani ya masanduku ya mbao, kwa sababu tu mita za kidijitali zimeingia.

Niliitwa katika kiwanda kimoja ambako transdyusa ya nguvu, inayogeuza wati kuwa mkondo wa miliampia 4 hadi 20 na kuupeleka chumba cha kuongozea mitambo, ilikuwa imepimwa kwa mzigo wa hita na kupitishwa kuwa ni nzima. Hita ina pawa fakta (sehemu ya volti mara ampia inayogeuka kuwa wati za kweli) ya 1; lakini kiwandani pale wanaokula umeme ni mota, ambazo pawa fakta yake iko chini ya 1.

Tuliiweka mezani pamoja na watimita kuukuu ya daraja la 0.2, yaani kosa lake halizidi asilimia 0.2 ya kipimo chake cha juu, tukazipa volti 110 na ampia 5, kisha kwa kibadili fezi, kifaa kinachosogeza wimbi la mkondo lipishane na wimbi la volti, tukashusha pawa fakta hadi mshale ukasimama kwenye wati 275, nusu ya zile 550 (110 mara 5) za pawa fakta ya 1. Transdyusa ilipaswa kutoa miliampia 12, katikati ya 4 na 20, yaani volti 1.200 juu ya rezista ya omu 100, ikatoa 1.176. Zilipungua wati 8 na ushei, kosa la asilimia 3, lililotokana na kupotoka kwa digrii 1 tu ya fezi, upotofu ambao kwenye mzigo wa hita hauonekani kabisa. Kosa la watimita yenyewe, ambayo kipimo chake cha juu ni wati 600, halizidi wati 1.2, kwa hiyo ilijulikana kwamba mwenye kosa ni transdyusa.

Ni kweli kwamba kifaa hiki, watimita ya mshale, kina masharti yake: kilazwe sawa, kiwe mbali na nyaya zenye mkondo mkubwa, na msomaji afumbe jicho moja na kusogeza kichwa mpaka mshale ufunike taswira yake kwenye kioo kilicho nyuma yake. Pia kiwe na cheti cha ugezi (ulinganishaji wa kipimio na kipimo sanifu) kisichopitwa na wakati, sharti ambalo hata mita mpya haisamehewi.

Ombi langu ni kwamba, kabla ya mnada, watimita hizo zipelekwe kwanza maabara ya ugezi, kama ile ya Shirika la Viwango Tanzania, na zitakazofaulu zirudi karakanani pamoja na vibadili fezi vyake.

Fundi umeme mstaafu,
Morogoro